Jina la Babu Limeandikwa Sivyo: Kusoma Majina katika Daftari Kongwe za Unguja na Pemba

Anayefuatilia nasaba yake Unguja au Pemba hukwama mapema, na mara nyingi hakwami kwa kukosa karatasi. Karatasi ipo, jina ndilo halionekani. Tuseme nyumbani babu anajulikana kwa Mbarouk Faki. Kwenye hati ya shamba pana Mabruki, kwenye orodha ya karani wa Kiingereza pana Umbarook Taki, na kwenye hati ya kadhi pana herufi tano zisizo na irabu. Wengi hufunga daftari hapo wakasema siye. Huenda ndiye na huenda siye, ila tahajia peke yake haitoshi kuamua. Cha kutafuta ni nani aliyeandika, aliandika kwa herufi gani na alisikia nini, kisha ni watu gani wengine waliotajwa pamoja na jina hilo.

Kabla ya kufungua daftari

Usende Nyaraka za Taifa pale Kilimani na jina moja tu mkononi. Nenda na karatasi ya majina. Kila unayemtafuta mpe ukurasa wake, uandike jina lake maarufu, jina la utotoni kama alikuwa nalo, lakabu, cheo, nisba (jina la ukoo au asili) kama al-Barwani au al-Shirazi, na mahali alipokaa. Wazee uwaulize maswali yenye ncha. Ukiuliza "Alikuwa akiitwa nani?" utapewa jina moja. Uliza mkewe akimwita vipi, maalim wake wa chuoni akimwita nani, na waliochuma naye karafuu wakimjua kwa jina gani. Omba pia kuonyeshwa msahafu wa zamani wa nyumba. Wazee wengi wakiandika siku za kuzaliwa watoto ndani ya jalada, na hapo jina liliandikwa na mtu aliyemjua mtoto, si karani aliyelisikia mara moja dirishani.

Kumbuka namna majina yetu yanavyokwenda: jina la mtu, la baba, la babu. Karani aliyezoea fomu za Kiingereza alichukua jina la mwisho akalifanya jina la ukoo, akapanga faharasa yake kwa hilo. Juma Khamis Ali atawekwa chini ya A, na mwanawe, Ali Juma Khamis, atawekwa chini ya K. Kwa hiyo kila mtu mtafute mara tatu katika faharasa: kwa jina lake, kwa la baba na kwa la babu. Wanawake usiwatafute kwa waume zao, kwani mke alibaki na jina la baba yake: Fatma binti Juma ni binti Juma mpaka kufa. Majina yanayoanza na Mwana na Bi huvunjwa vipande vilevile. Mwanaisha anaweza kukaa chini ya M au chini ya I, akiandikwa Mwana Isha.

Hatari kubwa iko kwenye majina yanayojirudia. Mjukuu hupewa jina la babu, hivyo Khamis Juma Khamis Juma ni mlolongo wa kawaida kabisa. Karani akiruka majina mawili, wewe unaruka vizazi viwili bila kujua. Hesabu miaka. Kati ya mtu na baba yake weka kiasi cha miaka 25 hadi 30, na kati yake na babu mara mbili ya hiyo. Ukiona Khamis Juma anauza shamba miaka 60 kabla ya Khamis Juma wako kuoa, huyo ni babu yake, au si wa kwenu.

Vyeo navyo viangalie kwa makini, maana vingine ni majina. Sheha, Faki, Mzee, Haji na Sharif huwa cheo kwa mmoja na jina kwa mwingine. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, anaonyesha jambo hili vizuri: neno la kwanza ni cheo, la pili ni jina lake, na Sultan ni jina la baba yake. Kwa Kiarabu cheo ni سيد na jina ni سعيد, tofauti ni aini iliyo katikati. Kwa herufi za Kilatini yote mawili yaliwahi kuandikwa Said, Sayid na Syed, kwa hiyo usimpe mtu usharifu, yaani nasaba ya Mtume, kwa sababu ya tahajia ya karani.

Hati za herufi za Kiarabu

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo watu wengi hupoteza jamaa zao. Hati za makadhi, wosia, mirathi, wakfu na mauziano ya mashamba ya karne ya 19, na nyingi za baadaye, ni za herufi za Kiarabu. Nyingine kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili. Herufi hizo asili yake hazina p, g, v, ch wala ng', na kila mwandishi alifidia kwa njia yake. Bee ilibeba b, p, mb na hata pw. Fee ilibeba f na v. Shini ilibeba sh na ch. Ghaini na kafu zilibeba g na ng. Dali ilibeba d na nd, na wapo walioandika nd kwa ree. Zee ilibeba z na nz, ye ikabeba y na ny. Isitoshe, i na e zina alama moja, u na o hali kadhalika.

Kwa hiyo ukisoma kwa sauti ya Kiarabu, Pandu anakuwa "Badu", Kombo anakuwa "Kubu", Vuai anakuwa "Fuai", na Mcha anakuwa "Msha". Kama hati ilifasiriwa kwa Kiingereza na mtu asiyejua majina ya visiwani, "Badu" huyo ndiye aliyeingia kwenye faharasa.

Dawa yake ni kuliandika jina kwa mifupa, yaani konsonanti zake tu, kama mwandishi wa zamani angeziandika. Pandu ni b-d. Kombo ni k-b. Makame ni m-k-m. Kisha pitia ukurasa ukitafuta mifupa hiyo, si jina zima. Ukiipata, ndipo uijaze irabu kwa majina yanayojulikana katika eneo lile, si kwa kamusi ya Kiarabu.

Nukta ni shida ya pili. Mwandishi mwenye haraka aliziunganisha nukta mbili zikawa kistari, tatu zikawa kikonyo kidogo, au hakuziweka kabisa. Bila nukta, khee na jimu zote hugeuka hee. Katikati ya neno, bee, tee, nuni na ye zote hubaki jino moja. Ndiyo maana Khamis husomwa Hamis, na Said (سعيد) husomwa Saad (سعد) jino likimezwa. Nasib na Nasir hutofautiana mwisho: mkia wa bee umelala juu ya mstari, mkia wa ree unateremka chini yake.

Sasa turudi kwa Mbarouk. Mbarouk na Mabruki ni jina moja, مبروك. Mbarak ni jina jingine, مبارك. Yote mawili yana herufi tano na yote yanaanza na mimu na bee. Angalia kinachofuata: katika Mbarak alifu imesimama baada ya bee, ndipo ikaja ree. Katika Mbarouk ree inakuja kwanza, kisha wau yenye kichwa cha mviringo kabla ya kafu. Chukua kioo cha kukuzia, utafute kijiti kilichosimama. Kikiwepo kabla ya ree, huyo ni Mbarak, na hupaswi kumlazimisha awe babu yako. Ama Taki wa yule karani wa Kiingereza, huyo ni Faki: F na T kubwa za mwandiko wa kuunganisha wa zamani hufanana sana, tofauti ikiwa ni kale kakistari ka katikati.

Mambo matatu mengine ya hati hizi. Neno bin kati ya majina mawili huandikwa بن, lakini likiangukia mwanzo wa mstari huongezwa alifu likawa ابن. Hiyo haimaanishi kwamba pameanza mtu mwingine. Binti (بنت) katika mwandiko wa haraka hukaribia kuwa bin, basi tafuta tee ya mwisho na nukta zake mbili kabla ya kumfanya mwanamke kuwa mwanamume. Na jina Amri huandikwa عمرو, kwa wau ya mwisho isiyotamkwa, ilhali Omar ni عمر bila wau. Ila wau hiyohiyo huweza kuwa "na", ikimuunganisha Omar na mtu anayefuata. Angalia kama baada yake kuna bin au kuna jina jipya.

Hati za herufi za Kilatini

Kamati ya lugha iliyosanifu Kiswahili cha Afrika Mashariki kwa msingi wa Kiunguja iliundwa mwaka 1930. Kabla ya hapo kila mwandishi alikwenda na masikio yake, na hata baada ya hapo majina ya watu hayakusanifiwa. Mwingereza aliandika ee kwa i na oo kwa u: Khamees, Moosa, Massood. Mapadri wa Kifaransa waliandika ou kwa u, dj kwa j, na ch kwa sh: Fatouma, Djouma, Chaabane. Kama jamaa alihamia Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam enzi za Wajerumani, tarajia Dschuma, Schabani na Jusuf. Makarani wa Bara nao walifunga jina kwa irabu: Hamisi, Salimu, Rashidi, Salehe. Hivyo tahajia inakudokeza hati ilipitia mkono wa nani, na hilo liandike pembeni.

Tengeneza orodha ya sura za kila jina, mfano:

Khamis: Hamisi, Kamis, Khamees, Hamees
Khadija: Hadija, Kadija, Kazija
Nassor: Nasoro, Nasser, Nasir
Othman: Athumani, Osman, Usman
Suleiman: Selemani, Seliman, Sliman
Aisha: Asha, Esha, Ayesha
Khalfan: Halfani, Kalfan

Lakini orodha hii isikupoteze. Hamad, Ahmad, Hamed, Hemed, Hamoud na Muhammad wote wametoka kwenye mzizi mmoja, na wanaweza kuwa ndugu sita wa tumbo moja. Wakati huohuo mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa matatu kati ya hayo: Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki mjini Unguja mwaka 1905, katika vitabu ni Hamed, Hamad na Hamid bin Muhammad. Kwa kundi hili usikubali wala usikatae kwa tahajia. Nenda kwenye jina la baba na nisba.

Kisha kuna mwandiko wenyewe. Wino ukififia, n na u huwa kitu kimoja, m husomwa ni au in, a isiyofungwa juu huwa u, c na e hubadilishana. Makame anakuwa Makaine, Mcha anakuwa Meha, Pandu anakuwa Paudu, Juma anakuwa Inma, Kombo anakuwa Hombo. Katika hati za Kiingereza za karne ya 19, s mbili zikifuatana ya kwanza iliandikwa ndefu, ikashabihi f. Nassor akasomwa Nafsor, Ussi akawa Ufsi, na Hassan akawa Hafsan, pengine hata akahesabiwa Hafsa, mwanamke. Ukikutana na "fs" katika jina lolote la zamani, jaribu "ss" kwanza.

Njia ya kuuzoea mwandiko ni kutengeneza alfabeti ya karani huyo. Chagua maneno kumi katika ukurasa huohuo ambayo huna shaka nayo, kama majina ya miezi, miji na maneno ya fomu. Chora kila herufi kubwa na ndogo kama yeye alivyoichora. K yake katika Kizimkazi ndiyo K yake katika Kombo. Jina lililokushinda lifunike kwa ukanda wa karatasi, ulifunue herufi moja moja ukilinganisha na alfabeti yako. Jicho likiona neno zima huwa limeshaamua linalotaka kuona.

Mahali na tarehe

Makosa ya mahali humficha mtu sawasawa na makosa ya jina. Katika hati za Kiingereza Wete ni Weti, Chake Chake ni Chaki Chaki. Katika hati za Kiarabu Pemba mara nyingi haiitwi Pemba, bali al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani. Wapo waliokwisha kuamua kwamba babu yao hakupata kufika Pemba kwa sababu tu hawakuliona neno hilo.

Tarehe za Hijria zigeuze kwa hesabu hii: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1317 unatoa 1899 na ushei, na kweli mwaka huo ulianza Mei 1899 ukaisha mwishoni mwa Aprili 1900. Tarakimu nazo hudanganya: ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja, na ٥ iliyoandikwa ndogo hugeuka ٠. Miezi ya Mfunguo huhesabiwa baada ya Ramadhani, hivyo Mfunguo Mosi ni Shawwal na Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Na siku ya Kiislamu huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao karani wa Kiingereza angeuandika Alhamisi. Tofauti ya siku moja kati ya hati mbili isikufanye udhani ni watoto wawili.

Kuthibitisha

Mkubali mtu pale tu mambo matatu yasiyokuwa jina lake mwenyewe yanapokubaliana: jamaa, mahali na wakati. Hati ya shamba ndiyo tajiri zaidi kwa hili, kwa kuwa inataja mipaka minne na mwenye shamba la kila upande, na mwisho inataja mashahidi. Andika majirani wote wanne. Ukimkuta "Mabruki" katika hati ya 1905 na "Mbarouk Faki" katika hati ya 1912, na majirani watatu ni walewale au watoto wao, basi tahajia haina tena la kusema. Majirani wakiwa wengine wote, usijipe moyo kwa sababu jina limelingana herufi kwa herufi. Nusu ya Pemba ilikuwa na Khamis Juma.

Uwe mwangalifu na maneno ya ujamaa. Baba mdogo na ami waliandikwa "baba" na karani asiyeona haja ya kutofautisha, na mtoto wa kulelewa akaandikwa mtoto wa kuzaa.

Kuna majina ambayo hayakuharibika bali yalibadilishwa. Sayyida Salme binti Said, binti wa yule Seyyid Said, baada ya kubatizwa Aden mwaka 1867, akawa Emily Ruete. Waliokombolewa utumwani na kulelewa na wamisionari wa Mkunazini, Mbweni na Kiungani walipewa majina ya ubatizo, na wengine wakabaki na jina lao la awali kama jina la pili. Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890, ni mmoja wao. Kwa hao, daftari la ubatizo ndilo daraja, maana huweza kuyaweka majina mawili mstari mmoja. Katika orodha za walioachwa huru baada ya amri ya kufuta utumwa ya 6 Aprili 1897, jina linalofuata "wa" huenda ni la aliyekuwa bwana, si la baba. Na "bin Abdalla" kwa mtu asiyejulikana baba yake aghalabu lilimaanisha mja wa Mwenyezi Mungu. Usitumie miaka kumtafuta Abdalla huyo. Watu hawa walinyang'anywa nasaba zao mara moja, tusiwazulie nyingine.

Namna ya kuandika ulichokipata

Nukuu jina kama lilivyo, makosa yake yote, ndani ya alama za kunukuu. Chini yake, mstari wa pili, andika usomaji wako, na mstari wa tatu sababu zako. Herufi usiyoiona vizuri iwekee mabano ya mraba. Iliyoliwa na mchwa iwekee nukta tatu. Usirekebishe mstari wa kwanza hata ukiwa na uhakika, kwani anayekuja nyuma yako ataitafuta hati kwa tahajia iliyo kwenye hati. Weka na namba ya jalada, namba ya ukurasa, na tarehe ya hati kwa kalenda iliyotumika.

Tumia penseli, wala usiiegemeze karatasi yako juu ya daftari. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima mwanga wa kamera, shika simu sambamba na ukurasa, uache nuru ya dirisha ije kwa ubavu ili mikwaruzo ya kalamu ionekane pale wino ulipopauka. Piga ukurasa mzima kwanza, kisha jina kwa karibu, kisha jalada lenye namba. Picha ya jina peke yake haina kazi mwaka mmoja baadaye, kwa sababu hutakuwa na herufi nyingine za karani yule za kulinganishia.

Ukihitaji jina lirekebishwe kwenye cheti kwa ajili ya mirathi au pasi ya kusafiria, hiyo ni kazi ya ofisi ya usajili na ya kiapo mahakamani. Chukua nakala za hati zote zenye tahajia zote, uzipange kwa miaka kuanzia ya zamani, na kila moja uifungie karatasi yenye ile mistari yako mitatu.